Nani Ameyachukua Maji? Vipimo vya Chini ya Ardhi Kando ya Mgodi wa Makaa

Tarehe 30 Aprili 1994 chemchemi za Jinci, kusini-magharibi mwa jiji la Taiyuan katika jimbo la Shanxi nchini China, zilikauka. Katika miaka ya 1950 zilikuwa zikitoa karibu mita 2 za ujazo kila sekunde, na kwa karne nyingi zilinywesha mashamba ya mpunga yanayolizunguka hekalu la kale la mahali hapo. Waliokuwa wakiyavuta maji kutoka kwenye mwamba uleule wa chokaa walikuwa wengi: visima virefu vya jiji, viwanda, na migodi ya makaa ya mawe ya milima ya magharibi, ambayo hulazimika kupampu maji usiku na mchana ili wachimbaji wafanye kazi pakavu. Kila mmoja angeweza kumnyooshea kidole mwenzake, na kila mmoja angekuwa na hoja.

Kisa hiki hujirudia karibu kila penye mgodi wa makaa wa chini ya ardhi. Mwenye kisima husema mgodi umemkausha. Mgodi husema ni ukame. Afisa wa maji husema watu wameongezeka na visima vimezidi. Wote watatu wanaweza kuwa na sehemu ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Kinachoweza kuumaliza ni mfululizo wa vipimo: maji yako kina gani, mahali gani, katika tabaka gani la mwamba, mwezi baada ya mwezi, tangu siku ambazo mgodi ulikuwa bado mchoro mezani. Mara nyingi vipimo huwa vipo, ila vilianza kwa kuchelewa, au vilichukuliwa kwenye tabaka lisilohusika, au vimefungiwa kwenye kabati la kampuni ambayo ndiyo inayolalamikiwa. Kwa maoni yangu kasoro hizo tatu zimewanyima haki wanakijiji wengi kuliko uhaba wa sheria au wa vifaa.

Kipimo chenyewe ni kazi ya dakika chache. Mpimaji hufungua kifuniko cha bomba la plastiki lililochomoza ardhini na kuteremsha utepe wenye alama za milimita. Ndani ya utepe mna nyaya mbili, na mwishoni pana kichwa cha chuma. Kichwa kikigusa maji, umeme mdogo hupita na kengele iliyo kwenye kibiringo hulia. Mpimaji huuvuta utepe juu kidogo, akaushusha tena taratibu hadi kengele ilie mara ya pili, kisha husoma namba iliyo sambamba na alama iliyochongwa kwenye ukingo wa bomba. Alama hiyo haikuwekwa kwa urembo. Bomba lililokatwa kwa msumeno huwa na ukingo usio sawa, na akipimia upande huu leo na ule mwezi ujao, maji yataonekana yameshuka sentimita moja au mbili bila kushuka. Huandika tarehe, saa, kama mvua imenyesha, na kama pampu ya jirani ilikuwa ikivuta. Asipoliandika hilo la mwisho, huenda namba yake inaeleza pampu ya jirani kuliko inavyoeleza mgodi.

Sasa, namba hiyo ina maana gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata wenye vyeo. Tumezoea kufikiri kwamba chini ya ardhi kuna maji mamoja, yenye uso mmoja, na kila kisima kinaufikia uso huo. Penye makaa ya mawe si hivyo. Makaa hulala kati ya matabaka yaliyopangana: mwamba wa mchanga, udongo uliogeuka jiwe, makaa, mwamba wa mchanga tena, na wakati mwingine chokaa chini kabisa. Tabaka la mchanga hupitisha maji, lile la udongo huyazuia. Kila tabaka linalobeba maji huwa na presha yake, na maji yanayosimama ndani ya bomba huonyesha presha ya pale tu bomba lilipotobolewa matundu. Bomba lenye matundu kwenye kina cha mita 30 na lenye matundu kwenye mita 180, hata yakiwa hatua mbili tu moja kutoka jingine, yanaweza kupishana kwa makumi ya mita. Yote mawili yanasema kweli.

Kwa hiyo kisima cha kuchimbwa kwa mkono, chenye kina cha mita 8, kinaweza kubaki kimejaa kwa sababu kinategemea mvua iliyonyesha juzi na udongo ulio chini yake unazuia, huku presha ya tabaka la mita 150 imeporomoka. Ripoti itakayotaja visima vifupi peke yake itasema hakuna kilichobadilika, nayo haitakuwa imedanganya. Kinyume chake pia hutokea: shimo refu lililoachwa wazi toka juu hadi chini, bila bomba la kuzuia wala saruji, huchanganya presha za matabaka yote na kutoa namba isiyo ya tabaka lolote. Tena shimo hilo lenyewe huwa njia ya maji ya juu kuteremkia chini. Kabla ya kuisoma namba yoyote ya kina cha maji kando ya mgodi, huwa nauliza kwanza matundu ya bomba yako wapi. Asiyeweza kunijibu hana kipimo.

Ndiyo sababu migodi mikubwa siku hizi hutumia pizomita za waya unaotetema. Ni kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, ndani yake mna waya mwembamba uliokazwa nyuma ya kiwambo cha chuma. Maji yakikibonyeza kiwambo, mkazo wa waya hubadilika na kasi ya mtetemo wake hubadilika nao. Kirekodi kilichoko juu huutikisa waya kwa umeme, huhesabu mitetemo, na kutoka hapo presha hujulikana. Kila mita 10 za maji ni karibu kilopaskali 98. Vifaa vitano au kumi hufungwa kwenye shimo moja kwa vina tofauti, kisha shimo lote hujazwa mchanganyiko wa saruji na udongo wa bentonaiti. Hapo unapata picha ya wima: presha ya kila tabaka kwa saa ileile.

Vina udhaifu wake. Kikishazikwa kwenye saruji hakitolewi kukaguliwa, na huwezi kuchota maji kutoka humo ukayapime chumvi. Mwamba ukisogea, nyaya hukatika. Kukatika huko, ukijua saa na kina kulipotokea, ni taarifa yenye thamani kuhusu mahali mwamba ulipoteleza, lakini baada ya hapo huna tena macho pale. Kwa hiyo bomba la kawaida lenye matundu halijapitwa na wakati. Ningekuwa na fedha za kupanga, ningechagua mashimo machache marefu yenye vifaa kila tabaka, pamoja na mabomba ya kawaida kando yake kwa ajili ya kuhakikisha na kuchota sampuli, kuliko visima vifupi vingi vinavyopendeza kwenye ramani.

Kisha kuna kelele za asili, ambazo lazima ziondolewe kabla ya kumlaumu yeyote. Uzito wa hewa hubadilika, na kila hektopaskali moja ya hewa ni sawa na sentimita moja ya maji. Kirekodi kisicho na mrija wa hewa hupima maji na hewa kwa pamoja, kwa hiyo bila kipima hewa kando yake mtu anaweza kuona maji yakipanda siku ambayo hayakupanda. Wakazi wa pwani wanajua bamvua na maji mafu. Mwezi na jua vinavyoivuta bahari huuvuta pia mwamba wenyewe, na kwenye visima virefu vilivyofunikwa na tabaka lisilopitisha maji usawa hupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kila siku. Wapimaji wazembe huitupa kelele hiyo. Walio makini huitunza, kwa sababu inaeleza kama tabaka bado limefunikwa sawasawa. Mwitikio wake kwa hewa na kwa mwezi ukibadilika mgodi unapopita chini, ni dalili kwamba kifuniko kimepasuka.

Mgodi unapopita chini, hasa hutokea nini? Njia inayotumika zaidi kwenye migodi mikubwa ni ile ya ukuta mrefu. Mashine hunyoa makaa kwenye uso wenye upana wa mita 150 hadi 400, ikisonga mbele kwa kilomita kadhaa, huku safu ya majeki ya haidroliki ikishikilia paa juu ya wachimbaji. Majeki yakisogea mbele, paa la nyuma huachwa liporomoke. Mawe huanguka kwanza kama kifusi. Juu ya kifusi mwamba hupasuka na nyufa huungana. Juu zaidi matabaka hupinda bila nyufa kuungana. Na karibu na uso ardhi hunyooka, hujikunja na kutitia. Suala zima la maji liko katika swali moja: eneo la nyufa zilizoungana linafika kimo gani? Likiishia chini ya tabaka la maji, visima vitatikisika na pengine kupona. Likilifikia, maji yana njia ya kushuka hadi mgodini.

Colin Booth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northern Illinois walilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi huko Illinois, Marekani, juu ya migodi ya ukuta mrefu katika wilaya za Jefferson na Saline. Huko Jefferson walitazama tabaka la mwamba wa mchanga lililo mita nyingi juu ya makaa, na waliloliona lingemshangaza mtu yeyote anayedhani kisima hushuka kwa sababu maji yamevujia mgodini. Usawa ulianza kushuka kabla uso wa uchimbaji haujafika chini ya kisima, ukaporomoka haraka uso ulipopita, kisha ukaanza kupanda tena. Maji hayakuwa yamekwenda mgodini. Mwamba ulivyonyooka, mianya yake ilipanuka, na maji yaleyale yakalazimika kujaza nafasi kubwa zaidi. Mwamba ulipobanwa tena na maji ya pembeni yalipoingia, usawa ukarudi. Nyufa mpya zilikuwa zimeongeza uwezo wa mwamba kupitisha maji, hata ukaweza kutoa maji mengi zaidi kuliko awali.

Habari njema, basi? Ndivyo ambavyo mgodi ungependa iandikwe. Lakini Booth hakuishia kwenye kina. Alichota maji na kuyapima, akakuta salfeti na chumvi nyingine zimeongezeka, kwa kuwa maji yaliyojaza mianya mipya yalikuwa yamepita kwenye sehemu nyingine za mwamba. Usawa ulirudi, ubora haukurudi nao. Huko Saline, ambako mwamba ulikuwa wa tabia nyingine, hata usawa haukurudi kwa namna ileile. Sehemu mbili za jimbo moja, njia moja ya uchimbaji, majibu tofauti. Ukiwa na mita za kina bila vipimo vya chumvi unaweza kutangaza kupona kwa kisima ambacho mama mwenye nyumba amekwisha kukiacha kwa sababu maharage hayaivi.

Australia iliingia kwenye suala hili kwa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa makaa ya kusini mwa Sydney yamelala chini ya ardhi inayokusanya maji ya kunywa ya mamilioni ya watu. Mgodi wa Metropolitan karibu na Helensburgh ulipopita chini ya kijito cha Waratah, miamba ya mkondoni ilipasuka, madimbwi yakakauka, na maji yakawa yanapita chini ya mawe na kuibuka mbele yakiwa na rangi ya kutu. Huko Dendrobium, mgodi ulio magharibi mwa Wollongong, ambako vipande vya uchimbaji vina upana wa karibu mita 300, wataalamu walilinganisha mita za pampu za mgodini na mvua. Waligundua kwamba maji yanayoingia mgodini huongezeka baada ya mvua kubwa. Mvua ya juu na pampu ya chini zimeongea. Hapo hakuna haja ya kubishana sana kama njia ipo. Kilichobaki ni ukubwa wake.

Kuhusu kimo cha nyufa, mtaalamu wa maji Paul Tammetta alichapisha mwaka 2013 fomula iliyojengwa juu ya vipimo vya presha kutoka migodi ya nchi mbalimbali. Fomula hiyo hutumia upana wa kipande, unene wa makaa yaliyotolewa na kina cha mgodi. Mwaka uliofuata Ditton na Merrick walitoa ya kwao, wakiingiza pia tabia za mwamba, na majibu yake kwa kawaida huwa ya chini zaidi. Ubishi kati ya fomula hizo haukuwa wa darasani. Ukitumia moja, maji ya bwawa yako salama. Ukitumia nyingine, hayako salama. Na kinachoamua fomula ipi iko karibu na ukweli mahali fulani ni presha zilizosomwa pale pale, kabla na baada ya uso kupita. Mwezi Februari 2021 tume huru ya mipango ya New South Wales ilikataa ombi la kupanua Dendrobium, na hatari kwa vyanzo vya maji ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Sijui hoja nyingine inayoonyesha vizuri kiasi hicho kwamba waya uliozikwa ardhini unaweza kubadili uamuzi wa serikali.

Maji hayaji kutoka juu tu. Kwenye migodi ya China kaskazini, chini ya makaa kuna chokaa ya zamani sana yenye mapango na presha kubwa, na sakafu ya mgodi ndiyo inayohofiwa. Tarehe 2 Juni 1984, katika mgodi wa Fangezhuang huko Tangshan, uchimbaji uligusa nguzo ya mapango yaliyoporomoka iliyounganisha chokaa na makaa. Maji yaliingia kwa kasi iliyofikia mita za ujazo 2,053 kwa dakika, na mgodi mkubwa ulijaa ndani ya siku moja. Tangu hapo na baada ya maafa mengine, kanuni za China zimedai kwamba penye shaka lazima kuchorongwe mbele kwanza ndipo kuchimbwe. Pizomita ndani ya chokaa hiyo humpa msimamizi presha iliyo chini ya miguu ya watu wake, naye huilinganisha na unene wa mwamba uliobaki.

Ubavuni nako kuna migodi ya zamani iliyojaa maji. Tarehe 21 Machi 1973, huko Lofthouse karibu na Wakefield, Uingereza, maji ya machimbo ya karne ya 19 yaliwavamia wachimbaji na kuwaua 7. Mwezi Julai 2002 huko Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji 9 walinaswa kwa zaidi ya siku tatu baada ya kutoboa mgodi wa jirani ulioachwa, kwa sababu ramani waliyopewa haikuonyesha uchimbaji wake wa mwisho. Wote 9 walitolewa hai, na nchi nzima ikashangilia. Kinachonikaa moyoni ni kwamba maji yale yalikuwa yamesimama pale miaka yote, yakiwa na usawa ambao mtu angeweza kuupima kwa shimo moja.

Pennsylvania hiyohiyo ina fundisho la sheria ambalo naliona ni la maana kuliko vifaa vyote nilivyovitaja. Sheria yake namba 54 ya mwaka 1994 inautaka mgodi wa chini ya ardhi urudishe au utafute mbadala wa maji uliyoyaharibu. Na imeweka dhana: kisima kikiharibika ndani ya eneo linalopatikana kwa kuchora pembe ya nyuzi 35 kutoka wima, kuanzia ukingo wa machimbo hadi juu ya ardhi, mgodi huhesabiwa ndio chanzo mpaka wenyewe uthibitishe vingine. Kwa mgodi wa kina cha mita 200, eneo hilo hutanuka mita 140 kupita ukingo wa machimbo. Mzigo wa kuthibitisha umehama kutoka kwa mkulima hadi kwa kampuni. Sheria ina upande wa pili pia: mwenye kisima akikataa wapimaji waje kupima maji yake kabla ya uchimbaji, anaipoteza dhana hiyo. Kwa hiyo wote wawili, kampuni na jirani, wana sababu ya kutaka kipimo cha mwanzo kifanyike vizuri.

Kasoro ninayoiona ni pembe yenyewe. Maji ya tabaka lililofunikwa hupeleka mshuko wa presha mbali kuliko mwamba unavyotitia, na kisima kilicho mita 400 kutoka ukingoni kinaweza kushuka huku kikiwa nje ya mstari. Dhana ya sheria ilichorwa kwa kufuata mwamba; maji hayafuati mstari huo. Hata hivyo, mkulima aliye ndani ya mstari ana kitu cha kushika, na katika nchi nyingi hana chochote.

Kipimo cha mwanzo kiwe cha muda gani? Mwaka mmoja hautoshi, maana ukiangukia kwenye mwaka wa mvua nyingi kila mwaka wa kawaida utakaofuata utaonekana ni hasara iliyoletwa na mgodi, na ukiangukia kwenye ukame mgodi utajificha nyuma yake. Miaka miwili kamili ni ya chini kabisa. Na lazima viwepo visima vya kulinganishia, vilivyo kwenye mwamba wa aina ileile lakini mbali kiasi cha kutoguswa na mgodi. Ukame hushusha visima vyote. Mgodi hushusha vya jirani. Bila visima vya mbali hakuna hisabati itakayotenganisha hayo mawili.

Siku mgodi unapofungwa, watu hudhani kazi imekwisha. Pampu huzimwa na maji huanza kupanda ndani ya njia na mashimo yaliyoachwa, haraka penye uwazi mkubwa, polepole penye mwamba mzima. Yakipanda huyeyusha chumvi za chuma zilizoundwa pale pairiti ya makaa ilipokutana na hewa. Marehemu Paul Younger, profesa wa maji ya migodi aliyefanya kazi miaka mingi Newcastle, alionyesha kwamba wimbi hilo la kwanza la maji machafu zaidi hudumu takriban mara nne ya muda ambao mgodi ulichukua kujaa. Mgodi uliojaa kwa miaka 10 utasumbua kwa karibu miaka 40. Huko Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, juu ya machimbo yaliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna chokaa inayotoa maji ya kunywa. Vipimo kwenye mashimo ya zamani vilionyesha maji ya mgodi yakipanda kuielekea, na taasisi ya serikali inayosimamia migodi iliyofungwa ikajenga mitambo ya kupampu na kusafisha huko Horden na Dawdon kabla hayajafika. Lau wangesubiri kisima cha kwanza kigeuke rangi, wangekuwa wamechelewa kwa miongo.

Ujerumani imelikubali jambo hili waziwazi. Mgodi wa mwisho wa bonde la Ruhr, Prosper-Haniel, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, na mfuko ulioanzishwa mwaka 2007 ndio unaolipia pampu ambazo hazitazimwa kamwe. Maji ya mgodi yanaachiwa yapande, lakini yabaki angalau mita 150 chini ya matabaka ya maji ya kunywa. Ahadi ya mita 150 inathibitishwa na vipimo tu, kila mwezi, kizazi baada ya kizazi.

Kwetu Afrika Mashariki makaa haya si habari ya mbali. Kiwira nchini Tanzania, mgodi wa chini ya ardhi uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, uko kwenye bonde ambalo maji yake huishia Ziwa Nyasa. Ulikaa miaka mingi bila uzalishaji wa maana chini ya ardhi, na mgodi ulionyamaza ni mgodi unaojaa. Huko Kitui nchini Kenya, bonde la Mui limepimwa na kuchorongwa kwa ajili ya makaa, na wakazi wake hunywa maji ya visima vifupi na ya mchanga wa mito mikavu. Sheria ya rasilimali za maji ya Tanzania ya mwaka 2009 imezipa bodi za mabonde mamlaka ya kutoa vibali vya maji, na ile ya Kenya ya mwaka 2016 imeunda mamlaka ya rasilimali za maji kwa kazi hiyo. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni sharti ndani ya kibali: hakuna kuchimba kabla ya miaka miwili ya vipimo katika kila tabaka, takwimu zote zibandikwe ofisi ya kijiji na ziwekwe wazi kwa yeyote, na vijana wa hapo wafundishwe kushika utepe, ili namba ya kampuni iwe na ya kulinganishwa nayo.

Mui ina nafasi ambayo Illinois na Sydney hazikuwa nayo, kwa sababu uchimbaji haujaanza na mashimo ya utafiti yamekwisha kuchorongwa kupita matabaka yote. Gharama kubwa ya pizomita ni shimo, na shimo lipo. Yale yanayofaa yasafishwe, yafungwe pizomita kwenye kila tabaka linalobeba maji, na moja angalau lipimwe chini ya makaa. Yasiyofaa yazibwe kwa saruji kutoka chini kwenda juu, yasije yakawa njia ya maji kabla hata mgodi haujafunguliwa. Kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya mvua za Oktoba, ili msimu wa kwanza wa vipimo uwe wa mvua nzima tangu tone la kwanza.